YAH: Kidonge cha kupe mlichoniuzia bila karatasi ya maelezo

Kwa Meneja,
Tawi la Nyali, Mombasa

Bwana Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa siku ile nyinyi hamkuniheshimu. Nilikuja dukani kuwaambia mbwa wangu Jasiri ameanguka kifafa baada ya kumeza kidonge chenu, nawe ukanijibu mbele ya wateja, "Mama, mbwa ni mbwa tu, si mtoto." Watu wakacheka.

Kijana wenu wa kaunta nilimwambia wazi kabla sijatoa pesa: Jasiri aliwahi kushikwa na kifafa, je, kidonge hiki hakina neno kwake? Hata macho hakuyainua kwenye simu. Akakitoa kwenye boksi, akakifunga kwa kipande cha gazeti, akasema mbwa wote wanakitumia. Karatasi ya maelezo ikabaki kwenu. Uzito hakuuliza. Jasiri ana kilo 17. Boksi, nililoliona baadaye nilipolidai, limeandikwa kilo 20 hadi 40.

Sipingi dawa za kupe. Mombasa kwa joto hili kupe hawakosekani mwaka mzima, na homa ya kupe inaua mbwa. Lakini mkanda wa shingoni wenye dawa ya kupe ukimdhuru mbwa, unauvua. Kidonge hiki kikishamezwa kinakaa mwilini takriban miezi mitatu, na hakuna wa kukitoa. Ndiyo maana swali huulizwa kabla! Kidonge hiki ni cha kundi la dawa za isoksazolini, ambazo huua kupe kwa kuvuruga neva zao, na mbwa wengi huzimeza wasipate shida. Wachache hutetemeka, huyumba, huanguka kifafa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo tangu Septemba 2018. Nyinyi ndio wauzaji, mnalijua.

Usiku ule alianguka barazani, miguu imekakamaa, taya zinagongana, mkojo unamtoka, macho wazi lakini hanioni. Daktari alimchoma sindano ndipo akatulia. Hadi leo akisimama miguu ya nyuma inamtetemeka.

Na narudia, kwa sababu halinitoki. Nilisimama pale kaunta na risiti ya daktari mkononi, kanga yangu bado ina povu la mbwa. Ulitoka ofisini, hukuisoma risiti, hukuuliza kama yu hai. "Mbwa ni mbwa tu, si mtoto." Kijana wenu, yule yule niliyemwonya, ndiye aliyecheka kwanza.

Nataka mnirudishie pesa za kidonge na gharama zote za daktari. Nilipoanza kuandika ningeridhika na hayo. Sasa nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya kijana. Tena muache kutoa vidonge nje ya boksi, na kila mbwa apimwe, au mwenye mbwa aulizwe uzito na maradhi ya mbwa, kabla hamjauza.

Nawapa siku 14. Mkinyamaza, malalamiko haya yatafika Kurugenzi ya Dawa za Mifugo na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, pamoja na risiti yenu, na mimi nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Kile kipande cha gazeti ninacho bado.

Mwenye Jasiri,
Tudor, Mombasa