Ukuta Uliojengwa Kinyume

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anakusalimia. Uliniuliza ni filamu gani ya kutisha ambayo mtu anayeshika kamera kama wewe asife bila kuiona. Kwangu ni The Keep, iliyoongozwa na Michael Mann, ya mwaka 1983. Nakwambia mapema kwamba imevunjikavunjika. Itazame hivyo hivyo.

Ni 1941, milimani huko Romania. Kikosi cha jeshi la Ujerumani kinapiga kambi ndani ya ngome ya kale. Kapteni wao, Woermann, anazikagua kuta na kushangaa: mawe madogo yako nje, makubwa yako ndani. Aliyeijenga hakuhofia adui aingie, alihofia kitu kitoke. Kutani kumepachikwa misalaba, na mtunzaji wa ngome anawaonya askari wasiiguse. Usiku askari wawili wenye tamaa wanaona msalaba mmoja unang'aa, wanadhani ni fedha, wanauchokoa.

Hapo kaa sawasawa. Askari mmoja anajipenyeza kwenye tundu, na kamera inaanza kurudi nyuma gizani. Inarudi, inazidi kurudi, hadi yule mtu na tochi yake wanabaki nukta tu kwenye shimo lisilo na mwisho. Kisha mwanga mwingine unapanda kutoka kilindini, unamwendea. Hujaona damu bado, na tayari nywele zimekusimama! Aliyepiga picha ni Alex Thomson. Vyumba amevijaza moshi, taa kaziweka nyuma ya watu, na muziki wa kundi la Tangerine Dream umetanda juu ya yote, ungedhani askari wale wamo ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Kilichoiharibu ni mkasi. Inasemekana Mann alikuwa na toleo la kama saa tatu na nusu. Iliyofika sinema ni ya dakika 96. Juu ya hayo, Wally Veevers, bingwa wa hila za picha, alifariki kazi haijakamilika. Makovu utayaona mwenyewe. Mgeni mmoja anawasili, anakutana na Eva, binti wa profesa nitakayemtaja hapo chini, na hawajajuana vizuri mara wako kitandani. Wanakijiji wanaanza kuchanganyikiwa na hatuelezwi kwa nini. Kiumbe chenyewe, Molasar, kinatisha kikiwa bado moshi wenye macho mekundu. Kikishapata misuli kamili unaona mtu aliyevaa vazi la mpira, na hofu inakwisha. Mwisho nao umeharakishwa mno. Inaniuma, kwa sababu mawazo yaliyokatwa yanaonekana yalikuwa makubwa.

Lakini kuna jambo ambalo mkasi haukulimaliza. Wanazi wanamleta Profesa Cuza, Myahudi mgonjwa aliye kwenye kiti cha magurudumu, awasomee maandishi ya ukutani. Ian McKellen ndiye anayemwigiza. Molasar anamwokoa Eva mikononi mwa askari, anamponya Cuza, kisha anaahidi kuwaangamiza wauaji wa watu wa Cuza. Anachotaka ni kimoja: Cuza akitoe nje ya ngome kile kinachomfunga. Salim, wewe ungekataa? Mwaka ule, ukijua watu wako wanapelekwa wapi? Sijaona filamu nyingine ya kutisha iliyomweka mtu mwema mahali pagumu namna ile. Mwovu hamjii kwa vitisho. Anamjia na haki mkononi. Nami namwelewa Cuza kabisa anapokubali, na ndilo linalonitisha kuliko shimo lile.

Anachoamua mwishoni sikuambii.

Itazame usiku, taa zimezimwa, na tafadhali isiwe kwenye simu. Giza la Thomson litageuka tope. Ukimaliza niandikie jinsi unavyodhani walivyoipiga ile picha ya shimo, na kama kwa vifaa vyenu pale mnaweza kujaribu kitu cha aina hiyo.

Wasalimie nyumbani wote.

Nduguyo,
Idi