Malalamiko: Picha za Ua Wetu Zilizopigwa Bila Hodi

Buruburu, Nairobi

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: PICHA ZA NYUMBA YA MAMA YANGU KATIKA TANGAZO LENU

Nyumba ya mama yangu haiuzwi. Naanza na hilo kwa sababu Jumamosi iliyopita watu watatu walibisha getini kwetu, mmoja ameshika simu, wakamwambia, "Mama, tumekuja kuona nyumba. Si ndiyo hii yenye tangi jeusi?" Mama alikuwa peke yake na mjukuu wake wa miaka sita. Akawaambia wamepotea. Wakamwonyesha simu. Aliuona ua wake, na yeye mwenyewe ameketi ndani yake.

Nyumba mnayouza ni ya jirani. Mpiga picha wenu alipanda kwenye paa la jikoni la huyo jirani, na kati ya picha tisa mlizoweka kwenye tangazo, mbili ni za kwetu. Katika ya nne mama yuko kwenye kigoda, ungo wa maharagwe mapajani, leso ameifunga kifuani, kichwa wazi. Mimi ni mtu mzima na sijawahi kumwona mama akivuka geti bila kitambaa kichwani. Ya tano ni ya mtoto kwenye kizingiti cha jikoni, amevaa sweta ya shule, na ukiikuza picha kidogo tu nembo ya shule inasomeka. Nyuma yake kuna mlango ambao kitasa chake kilikufa mwezi jana, tukawa tunaufunga kwa kufuli ndogo. Hata hiyo kufuli inaonekana. Nimelazimika kumwita fundi usiku.

Aliyeishi katika hizi nyumba zetu za ghorofa moja anajua ua wa nyuma ni nini. Ni chumba kisicho na dari. Ndimo tunamofua, tunamomwogeshea mtoto, mama anamokaa akiwa hana haja ya kujipamba kwa ajili ya mtu. Ule ukuta haukujengwa kwa sababu ya wezi peke yao.

Nilipopiga simu ofisini kwenu, kijana aliyepokea alinijibu kwa upole, namshukuru kwa hilo, kwamba jirani aliruhusu na kwamba nyumba si siri, kila apitaye anaiona. Apitaye barabarani anaona geti, vigae vyekundu na mpapai. Hivyo vipigeni picha mpendavyo, sina neno. Lakini kuuona ua wetu lazima upande juu ya paa la mtu. Na ruhusa ya jirani inaishia kwenye ukuta wake. Hawezi kuwagawia faragha ya mama yangu. Mlango wetu na wake ni hatua chache tu. Mtu akifika kwa mwenzake hupiga hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Mpiga picha wenu hakupiga hata moja.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia habari zake kwa biashara, na idhini ya mzazi au mlezi zikiwa za mtoto. Mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa ni wenu, si wetu. Mnajua pia kwamba Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sitafuti hela zenu.

Ninachotaka ni hiki. Ziondoeni picha hizo mbili leo, si wiki ijayo, na mzifute pia kwenye kamera na kompyuta zenu. Madalali mliowatumia kwa WhatsApp waambieni wazifute, kisha mniandikie ni nani na nani walizipokea. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu sijui uso wa mtoto wangu uko kwenye simu ngapi. Nawapa siku saba. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko kwa Kamishna, ambaye sheria inamtaka ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.

Na mje mumwombe mama radhi ana kwa ana. Hajafoka wala hajalia. Aliniuliza tu, "Kwani walikuwa wamesimama wapi?" nikamwonyesha lile paa. Tangu siku hiyo maharagwe anayachambulia ndani, taa imewashwa saa saba mchana.

Wako mwaminifu,
Binti wa mwenye nyumba