Kabla greda halijaondoka

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, watoto wanakua, na mama bado anakuulizia kila nikipokea barua, hata isiyotoka kwako.

Yako niliipata juzi jioni. Nilipofika pale uliposema greda limeingia kijijini na wewe umechaguliwa kwenye kamati ya barabara, niliiweka mezani nikakaa kimya kwanza. Kila ulichoeleza nimekipitia: watu kushangilia, watoto kukimbilia kutazama mitambo, wazee kuhesabu siku zilizobaki kabla ya kuagana na matope. Nami nilishangilia. Sasa unaniuliza sisi tuliyawezaje magari yanayokimbia. Nitakueleza yote, pamoja na tulipokosea, maana kosa letu moja lilimvunja mtu mguu.

Ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: suala la mwendo wa magari lizungumzeni sasa, mkandarasi akiwa bado hapo na kokoto zake na lami yake. Sisi tulichelewa. Miezi yote ya ujenzi tuligombana naye juu ya vumbi, na siku alipofungasha akaondoka, tukabaki na barabara nyororo iliyonyooka kama uzi, haina tuta, haina kivuko, haina hata kibao kimoja cha kumwambia dereva kwamba hapa wanaishi watu. Wiki ileile magari yaliyokuwa yakiyumba kwenye mashimo yakaanza kupita yakivuma. Yale mashimo tuliyoyalaani miaka yote yalikuwa yanatulinda, na hakuna aliyejua.

Hata hivyo kipindi cha ujenzi chenyewe kina hatari zake, kwa hiyo nisikiruke. Vumbi halikai kwenye vifua na nguo tu. Lori likipita huacha wingu nyuma yake, na dereva mwenye haraka hutaka kulipita lori hilo akiwa haoni kitu mbele. Ombeni boza la maji lipite alfajiri, kabla watoto hawajatoka kwenda shule, kisha lirudi mchana jua linapokausha. Kwetu lilikuwa likipita saa nne. Watoto walikuwa wameshapita kwenye wingu lile saa moja.

Angalieni sana mchepuko. Barabara ikifungwa, magari lazima yapite mahali, na mahali penyewe huwa ni vijia vyenu vya ndani, ambako mtoto hajawahi kufundishwa kutazama kushoto na kulia. Mwambieni mkandarasi awaonyeshe mchepuko utapita wapi kabla haujafunguliwa, akauweke mbali na uwanja ambao watoto wanachezea, na asiufungue bila matuta ya muda. Na pale barabara inapobaki upande mmoja, watazameni vijana wanaoshika vibao vya SIMAMA na NENDA. Kama wawili hao hawaonani, wanahitaji redio za mkononi. Zikikosekana, gari la mwisho kuruhusiwa lipewe kijiti, limkabidhi mwenzake wa upande wa pili, naye asifungue njia mpaka kijiti kimfikie. Kijana huyo asimame pembeni, penye nafasi ya kukimbilia, avae kizibao kinachong'aa, na kibao cha onyo kiwe mbali mbele yake ili dereva ajue mapema. Jambo moja zaidi hapo: dereva aliyesimamishwa dakika kumi hutaka kuzifidia palepale anapoachiwa, na hapo anapoachiwa ndipo mnapoishi ninyi. Tuta la muda liwekwe baada ya mtu wa kibao, siyo kabla yake tu.

Usiku ni habari nyingine. Mtaro uliochimbwa mchana hauonekani gizani. Jirani yetu alishikwa na uchungu usiku wa manane, mtaro umekata njia ya nyumbani kwake, na gari la kumpeleka limesimama ng'ambo. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba. Nilikuwa nimeshika taa. Nilimwona wa mbele akitafuta pa kukanyaga, udongo unammomonyokea chini ya kisigino, na mama yule ameuma upindo wa khanga asipige kelele. Alijifungua salama, lakini picha ile haijanitoka. Mkubaliane na mkandarasi kwa maandishi kwamba jua halitui kabla kila nyumba haijawekewa daraja la mbao la kuvukia mtaro, na kwamba kila shimo linazungushiwa utepe na kuwekewa taa.

Sasa tuje kwenye mwendo. Tulipoanza kulalamika, tuliambiwa kwamba anayetembea kwa miguu huona kila gari linakimbia. Jibu lile liliniuma, na unajua mimi nafundisha hesabu. Nikachukua kamba, tukapima mita 100 pembezoni mwa barabara, tukaweka jiwe jeupe kila mwisho. Mzee mmoja jirani yangu alikaa kwenye jiwe la kwanza, mimi kwenye la pili na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari likifika kwake anainua fimbo, nabonyeza; likifika kwangu nabonyeza tena. Kisha unagawanya 360 kwa sekunde ulizopata, jibu ni kilometa kwa saa. Sekunde 12 ni kilometa 30. Sekunde 7.2 ni 50. Sekunde 4.5 ni 80. Mkiweza kuona mbali, pimeni mita 200 na mgawanye 720, kosa la kidole litapungua. Kaeni mbali na lami, chini ya mti, na msikae kundi, maana dereva akiona watu wamekusanyika hupunguza mwendo mkapata hesabu ya uongo.

Gari la kwanza siku ile lilikuwa basi dogo. Sekunde 4.1. Nilipiga hesabu mara mbili kwenye kurasa za nyuma za daftari: karibu kilometa 88 kwa saa, hatua chache kutoka pale watoto wanapovukia. Mzee aliniuliza, "Ni ngapi?" Nilipomwambia, alikaa ameegemea fimbo yake muda mrefu, kisha akasema tuendelee.

Daftari hilo ndilo lililotufungulia milango. Tulijaza siku tatu, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa mbili kila jioni, aina ya gari na sekunde zake. Mhandisi aliyekuwa akitujibu kwa mkato alilifunua, akalirudisha mwanzo, akauliza nani kapima. Kuanzia hapo tukazungumza naye kwa namba.

Namba nyingine za kwenda nazo kikaoni ni hizi. Gari la kilometa 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujafika kwenye breki, na baada ya hapo gari bado linahitaji mita nyingine kama 14 kusimama, tena kwenye lami kavu na breki nzima. Jumla ni mita 28. Kwa kilometa 80 jumla inafika karibu mita 57. Kwa kilometa 30 ni kama 13. Mtoto akichomoza mita 20 mbele, yule wa 30 ameshasimama na wa 80 hajaanza hata kukanyaga breki. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Na mwaka 2020 mawaziri kutoka nchi nyingi walikutana Stockholm, wakakubaliana kwamba mahali watu wanapochangamana na magari, mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba mwendo zaidi ya huo ni salama. Azimio hilo halikuandikwa kwa ajili ya miji peke yake. Mtu wa kijijini naye ana mifupa ileile.

Watakuja wenye magari kuwaambia mnawachelewesha. Waulizeni kijiji kina urefu gani. Kama ni kilometa moja, kuivuka kwa 80 ni sekunde 45, na kuivuka kwa 30 ni dakika mbili. Tofauti ni sekunde 75. Mimi nimewaambia hivyo uso kwa uso, na sijapata dereva aliyenieleza angezifanyia nini sekunde hizo.

Nifike kwenye kosa letu. Baada ya gari kumkwangua mtoto begani, vijana walikasirika, wakasema hatusubiri mtu. Usiku tukajenga tuta letu wenyewe kwa udongo, mawe na magogo. Nasema tukajenga kwa sababu nami nilibeba mawe. Lilikuwa refu kwenda juu, jembamba, halina rangi wala alama. Usiku wa tatu mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kazini, mtu asiyekimbia kabisa, alilivaa gizani. Tulisikia chuma kikiburuzika. Nilimkuta amekaa katikati ya barabara ameushika mguu kwa mikono miwili, anauliza mzigo wake uko wapi. Alilala hospitali wiki nyingi. Nilikwenda kumwomba radhi na akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Kwa hiyo ndugu yangu, hasira zikipanda kijijini kwenu, na zitapanda, simama wewe uwe wa kwanza kukataa matuta ya usiku.

Tuta ni chombo, lina vipimo vyake. Nilisoma kwamba Arthur Compton, mwanafizikia wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1927, aliketi akabuni matuta mwaka 1953 kwa sababu magari yalikuwa yakikimbia kwenye chuo kikuu alichokuwa akikiongoza. Imenifariji kujua kwamba mtu wa elimu ile alihangaishwa na jambo lilelile linalotuhangaisha sisi. Baadaye watafiti wa Uingereza walipima wakaona tuta zuri ni pana: mita 3.7 kulivuka, na kimo cha sentimita 10 katikati, limepinda taratibu kama mgongo. Tuta la namna hiyo humwadhibu anayekimbia bila kumwumiza anayekwenda polepole. Lipakwe rangi, liwekewe kibao mbele yake, pembeni liachwe pengo la maji kupita, lisije likageuka bwawa wakati wa mvua. Na moja halitoshi, maana dereva akishalivuka hukanyaga mafuta. Yawe kadhaa kwa kufuatana. Msiliweke dirishani kwa mtu, malori yakilipanda usiku hakuna usingizi.

Kibao peke yake msikitegemee. Dereva aliyekimbia kilometa 100 kwa saa kwa muda mrefu, akishuka hadi 60 huhisi anatambaa, na anaamini kabisa kwamba amepunguza. Macho yake yanahitaji kuona kwamba mahali pamebadilika. Ombeni mlango wa kijiji uonekane: barabara ibanwe kidogo, kuwe na kisiwa katikati, miti au nguzo nyeupe pande zote mbili. Kivuko nacho kiwekwe pale miguu inapopita tayari. Nenda mwenyewe kaangalie vijia vilivyokanyagwa kwenye majani, ndivyo vitakuonyesha. Kwetu kivuko kilichorwa mita 150 kutoka njia ya watoto, na hadi leo hakuna anayekwenda kukitafuta. Na ulizeni wanaotembea watatembea wapi. Kama lami inaishia mtaroni bila njia ya miguu, basi mtu, baiskeli na lori watagombania ukingo mmoja.

Sasa kwa nini nakuhimiza kabla greda halijaondoka. Mkandarasi akishakabidhi barabara, mkataba kwa kawaida humpa muda wa kurekebisha kasoro. Sisi tulidhani tutamwita kwa mlango huo. Tukajibiwa kwamba tuta ambalo halikuwa kwenye mchoro si kasoro. Ni kazi mpya, itafutiwe fedha mpya. Tulisubiri zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kikao chenu cha kwanza, ombeni michoro ya kipande kinachopita kijijini, muitandaze mezani, na mmweke mtu anayeijua njia ya shule, mama anayechota maji ng'ambo, na kijana wa pikipiki waiangalie pamoja. Kila kilichokosekana kiandikwe kwa barua, muhuri wa kijiji upigwe, nakala ibaki kwenu.

Sisi tuna matuta sasa, manne, na mlango mmoja wa kijiji. Wa upande wa pili bado tunaudai. Mwezi uliopita nilirudi na mzee kwenye mawe yetu yaleyale. Basi dogo, sekunde 11. Aliinua fimbo kwa lile lililofuata kabla sijamwambia hesabu.

Nakutumia na kamba, ndiyo hiyo iliyoviringwa kwenye kifurushi. Fundo jekundu ni mita 50, kwa hiyo ipime mara mbili. Anzeni hata kabla ya lami, mpate namba za barabara mbovu za kulinganisha baadaye. Niandikie za wiki ya kwanza, nami nitakuja likizo tukae wote barabarani hapo. Nisalimie watoto na mzee wako, umwambie namwombea mgongo upone.

Wako wa siku zote,
mwenzako wa dawati moja