Malalamiko kuhusu kipeperushi chenu cha kangaruu na makato ya madereva

Kwa Meneja wa Usafiri na Usalama Kazini

YAH: MAELEKEZO YENYE HATARI KWA MADEREVA WANAOSAFIRISHA WAFANYAKAZI WA MASHAMBANI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni madereva na mafundi wa magari tunaozungumza Kiswahili hapa Mildura, jimbo la Victoria, Australia. Tumekisoma mstari kwa mstari kipeperushi mlichowapa madereva wa mabasi yenu madogo ya viti 12. Kukitoa kwa Kiswahili ni jambo jema, kwa kuwa wengi wanaoshika usukani alfajiri wametoka Kongo na Burundi, na hii ndiyo lugha wanayoisoma bila taabu. Lakini hapo hapo ndipo penye uzito wa kosa: wanakiamini.

Ukurasa wa pili unasema dereva akimwona kangaruu barabarani amkwepe. Ukurasa wa nne unasema gari likigonga mnyama, dereva atakatwa kwenye mshahara dola 1,000, ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo bima humwachia mwenye gari alipe. Kurasa hizi mbili zisomwe pamoja, kwa sababu dereva anazisoma pamoja. Anachoelewa ni kwamba kugonga kunamtia hasara yeye binafsi, na kukwepa ni agizo la kampuni. Basi atakwepa, na kukwepa ndiko kunakoua watu.

Kangaruu akigongwa na gari lililoshikiliwa sawasawa kwenye njia yake, kwa kawaida kinachoharibika ni bampa, grili, taa, boneti na rejeta. Hivyo vyote vinauzwa dukani. Gari lililokatwa usukani ghafla kwa kilomita 100 kwa saa lina mambo mengine. Tairi za kushoto zinatoka kwenye lami na kushuka begani mwa barabara, kwenye changarawe iliyolegea. Dereva anastuka, anavuta usukani kulia kwa nguvu, tairi zinarudi kwenye lami na kushika zote kwa pamoja, na gari linalala ubavu au kubiringika. Basi dogo lililojaa watu ni baya zaidi, maana uzito wa abiria umekaa juu. Asiyebiringika anaweza kukutana na mti, au na lori la matela mawili linalokuja upande wa pili. Kongo na Burundi watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva aliyejifunza huko, akistuka gizani, mkono uliozoea unaweza kumtupa kulia, na kulia kwa Australia ni uso kwa uso na gari linalokuja. Kipeperushi kinachoandikiwa madereva hawa kilipaswa kulisema hilo kabla ya jambo lolote.

Maelekezo sahihi ni mafupi. Ukimwona mnyama, kanyaga breki kwa nguvu zote na uendelee kuikanyaga. Gari lenye mfumo wa kuzuia tairi kujifunga litatetemesha mguu. Usiachie, usikanyage na kuachia kama magari ya zamani. Usukani ushike kwa mikono miwili, ubaki kwenye njia yako. Kama kugonga hakuepukiki, gonga ukiwa umenyooka. Abiria wote wafunge mikanda, hata wanaolala viti vya nyuma, na majembe, mikasi ya kupogolea na madumu ya maji yafungwe chini, yasiachwe huru.

Hata hivyo breki haiwezi kushinda mwendo, na mwendo unatokana na ratiba yenu. Gari likienda kilomita 100 kwa saa linapita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu, aliyelala vizuri, huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga: mita 42 zimekwisha kabla breki haijashika. Kwenye lami kavu breki nzuri huhitaji mita nyingine 56 hivi. Jumla ni karibu mita 98. Kwa kilomita 80 jumla hiyo inashuka hadi karibu mita 69. Sasa mweke kangaruu mita 70 mbele ya gari. Basi la kilomita 80 linasimama mbele yake. La kilomita 100, kwa dereva yule yule na breki zile zile, linamgonga likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Taa za dimu huonyesha vizuri mita 50 au 60 tu, kwa hiyo kila mnapopishana na gari jingine kwa kilomita 100, dereva wenu anaendesha asikokuona.

Mwezi Juni na Julai, wakati wa kupogoa mizabibu, jua huku huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Mabasi yenu yanaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni jua likizama. Hizo ndizo nyakati mbili ambazo kangaruu hutoka kula. Mchana hulala kivulini. Alfajiri na magharibi husogea malishoni, na malisho mazuri mara nyingi yako kando ya barabara, kwa kuwa maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami na kuotesha majani mabichi hata wakati wa ukame. Ndiyo maana majira ya baridi migongano huongezeka. Safari za kwenda na kurudi kazini zinaangukia ndani ya saa za wanyama, na ratiba yenu imepangwa kana kwamba hakuna aliyelijua hilo.

Barabara ya Sturt Highway kuelekea Euston na Balranald ina kikomo cha kilomita 100, na kwingine 110. Kikomo si amri ya kufika hapo. Kwa safari ya kilomita 80, dereva anayekwenda 100 hutumia dakika 48, na anayekwenda 80 hutumia dakika 60. Tofauti ni dakika 12. Tunaomba dakika hizo 12 ziingizwe kwenye ratiba na zilipwe, ili dereva asichague kati ya kuchelewa na kukimbia. Hata pale asipoweza kusimama kwa wakati, gari linaloendeshwa kwa 80 badala ya 100 hubeba nguvu ya kugonga iliyopungua kwa zaidi ya theluthi moja. Na dume kubwa la kangaruu mwekundu, ambaye yuko eneo hili, huweza kupita kilo 80.

Kipeperushi kinasema pia kwamba mabasi yamefungwa filimbi za kufukuza kangaruu kwenye bampa, hivyo dereva asiwe na wasiwasi. Tunaomba sentensi hiyo ifutwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walikipima kifaa cha aina hiyo, kinachotoa sauti ya juu sana, na taarifa yao ya mwaka 2001 haikuona kwamba kinabadilisha mwenendo wa kangaruu. Kelele za gari lenyewe barabarani huimeza sauti hiyo. Hatuna ugomvi na kifaa kukaa kwenye bampa. Ubaya wake ni kumfanya dereva aongeze mwendo akidhani amelindwa. Msitegemee pia breki za kujiendesha zenyewe kwenye magari mapya. Volvo walikwenda kwenye hifadhi ya Tidbinbilla karibu na Canberra mwaka 2015 kuwachunguza kangaruu kwa ajili ya mfumo wao, na baadaye wakaeleza kwamba kurukaruka kwake kunauchanganya: mfumo hupima umbali kwa kutazama ardhi, kwa hiyo akiwa hewani huonekana yuko mbali, na akitua huonekana amekaribia.

Kitu ambacho kingesaidia kweli hakimo kabisa kwenye kipeperushi. Kangaruu hutembea kwa kundi: akivuka mmoja, punguza mwendo zaidi, kwa sababu wa pili na wa tatu wako nyuma yake kwenye majani. Aliyesimama kando akiwa ametazama upande mwingine anaweza kugeuka na kurukia mbele ya gari wakati wa mwisho. Macho yake hung'aa kwenye taa pale tu anapokutazama, hivyo kutokuona macho si dalili kwamba njia ni nyeupe. Taa za fulu zitumike kila pasipo na gari mbele, na vioo vya taa vifutwe kila asubuhi. Vumbi la mashambani hupunguza mwanga sana. Honi ipigwe, lakini mguu uwe tayari kwenye breki. Abiria wa kiti cha mbele asilale, kazi yake iwe kuangalia upande wa kushoto. Ile alama ya njano yenye kangaruu mweusi na umbali ulioandikwa chini yake, ihesabiwe kilomita zote zilizotajwa, si mita mia za kwanza.

Kuhusu ngao ya mbele, yaani bulbaa: tunashauri ifungwe kwenye mabasi ya njia za mbali, lakini si bomba lolote lililochomelewa kichochoroni. Lazima iwe imetengenezwa kwa modeli husika na isivuruge vihisio vya mifuko ya hewa. Kiwango cha Australia ni AS 4876.1. Bulbaa ya chuma ina uzito, kwa hiyo springi za mbele zikaguliwe na taa zielekezwe upya baada ya kuifunga. Nayo haikupi ruhusa ya kukimbia. Inailinda rejeta tu.

Rejeta inatuleta kwenye kosa jingine, ukurasa wa tatu, mnapoandika kwamba baada ya kugonga, injini ikiwa bado inawaka, dereva aendelee hadi shambani. Hapana. Kondensa ya kiyoyozi na rejeta ziko nyuma ya grili tu, na tundu dogo linatosha kumwaga maji yote ndani ya dakika chache. Mshale wa joto nao hudanganya maji yakiisha, kwa sababu kihisio chake kinahitaji kuzamishwa kwenye maji. Injini inakwenda hivyo hadi silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, inapinda. Dereva asimame pembeni mahali panapoonekana, awashe taa za tahadhari, awatoe abiria upande wa kushoto mbali na lami, avae fulana ya kuakisi. Kisha atazame: chini ya gari kama kuna maji ya rangi yanayodondoka, komeo la boneti kama limeshika, madigadi kama yanagusa tairi, na taa kama zote zinawaka. Boneti ambayo komeo lake limepinda inaweza kufunguka ikapiga kioo cha mbele njiani. Feni iliyovunjika nayo ichunguzwe, injini ikiwa imezimwa. Kukiwa na dalili mojawapo, basi haliondoki mpaka lije gari la kuvuta. Mtu akiumia, namba ni 000. Pale mtandao wa simu usipofika, redio ya UHF chaneli 40 husikika na madereva wa malori, kwa hiyo kila basi liwe nayo.

Mnyama naye ana haki yake. Kangaruu aliyejeruhiwa asikaribiwe. Teke la dume linapasua tumbo. Aliyekufa, kama barabara iko wazi na ni salama, avutwe mbali na lami, maana tai hushuka kula mzoga na kugongwa nao. Akiwa jike, mfuko wake utazamwe. Mtoto aliyenyonya na kushika chuchu asichomolewe kwa nguvu. Aliyeachia azungushiwe kitambaa, awekwe gizani pa joto na kimya, asipewe maziwa ya ng'ombe, na shirika la kuokoa wanyamapori la Wildlife Victoria lipigiwe simu. Upande wa jimbo jirani la New South Wales, shirika la kazi hiyo ni WIRES.

Makato ya dola 1,000 hatuyakubali. Fair Work Act ya mwaka 2009, sheria ya kazi ya Australia, imeweka masharti ya kukata mshahara, na kifungu cha mkataba kinachoruhusu kato la kumnufaisha mwajiri, lisilo la haki kwa mazingira yake, hakina nguvu kisheria hata kama mfanyakazi alitia saini. Dereva aliyeshika usukani sawa na kukanyaga breki amefanya kazi yake. Amewaokolea watu 12.

Tunaomba haya: ukurasa wa nne ufutwe na fedha zote zilizokwisha kukatwa zirudishwe, kipeperushi kilichopo kiondolewe kwenye magari wiki hii, kipya kiandikwe pamoja na madereva, kikianza na maneno "Usikwepe, kanyaga breki", na ratiba ya kuanzia Mei hadi Agosti ipangwe kwa mwendo wa kilomita 80 kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama. Tuko tayari kuja ofisini kwenu kuipitia rasimu. Jibu la maandishi tunalitarajia ndani ya siku 14, na nakala ya barua hii tumewapa wawakilishi wa wafanyakazi.

Wenu katika kazi,

Madereva na mafundi wa magari wazungumzao Kiswahili,
Mildura