Kukata mabawa hakumzuii kasuku kupotea

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini tuzungumze na wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaofuga kasuku, hasa wale wanaomtoa ndege tunduni jioni akakae begani, barazani au juu ya kochi. Kasuku akipotea mtaani, wanaokuja kutoa pole husema neno moja: “Mngemkata mabawa.” Ushauri huo ndio unaowapotezea watu ndege wao.

Bawa la kasuku lina manyoya marefu 10 upande wa nje. Hayo ndiyo yanayomsukuma mbele anaporuka. Anayekata kwa kawaida hupunguza matano hadi saba kila upande. Kasuku wa kijivu, mwenye uzito wa gramu 400 hadi 500 na kidogo, akikatwa hivyo hushuka kwa mteremko ndani ya chumba kisicho na upepo, na mwenyewe hujiona yuko salama. Mpeleke uwanjani Shangani au ufukweni Mikindani wakati kusi inavuma. Akirukia upande upepo unakotoka, sehemu ya bawa iliyobaki inatosha kumnyanyua hadi kwenye paa la jirani, na kutoka hapo hadi kwenye mnazi. Wale kasuku wadogo wanaouzwa kwa jozi, wa gramu 50 hivi, hawahitaji hata upepo.

Halafu manyoya huota. Hayaoti yote kwa siku moja. Mzizi wa unyoya uliokatwa hudondoka, unyoya mpya huchukua nafasi yake, kisha hufuata mwingine. Ndege aliyekuwa anaanguka chini kama embe mwezi uliopita leo ana manyoya mapya mawili au matatu kila upande, na hayo yanamtosha kupanda. Mwenye ndege hana habari, kwa sababu bado anakumbuka kwamba alikata. Kama mmekata, basi kila wiki mfungueni bawa mahali penye mwanga mhesabu. Unyoya mpya mtautambua kwa shina lake nene lenye rangi ya zambarau iliyoiva: ndani yake mna damu. Huo haukatwi hata kidogo. Ukikatwa hutoa damu nyingi, na kwa ndege mdogo damu kidogo tu ni hasara kubwa.

Kuhusu mtindo wa kukata bawa moja tu ili ndege “azunguke asiende mbali”, tunaomba uachwe kabisa. Ndege huyo hupoteza mizani, hujibingirisha hewani na kutua kwa kifua. Mfupa wa kidari hupasuka, na ngozi ya hapo ikishachanika ni shida kupona, maana kila akianguka inafunguka upya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kasuku wa nyumbani mara nyingi hatoroki. Anashtuka. Sahani imeanguka, mwavuli umefunguliwa ghafla, kivuli cha mwewe kimepita uani, pikipiki isiyo na ekzosi imewashwa nje ya mlango. Mwili wake unaruka kabla akili haijaamua, na huruka kwenda juu. Kupanda hakuna aliyemfundisha. Kushuka kutoka mnazi wa mita 20, kwa mteremko mkali huku upepo ukimyumbisha, ni kazi ambayo kasuku wa porini huijifunza angali kinda akiwafuata wazazi wake. Aliyelelewa tunduni hajawahi kuifanya. Ndiyo maana mtamwona amekaa kileleni anaita, anajibu jina lake, anasogea kwenye ukingo wa kuti, kisha anarudi nyuma. Watu chini wanasema amekwishaonja uhuru, hataki tena nyumbani. Anataka, ila hajui njia ya kuteremka.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mlango. Nyumba zetu nyingi mlango wa mbele hushinda wazi mchana kutwa, umefunikwa pazia, na pazia halimzuii ndege aliyeshtuka. Wekeni utaratibu: kabla tundu halijafunguliwa, mtu mmoja anazunguka milango na madirisha, anatangaza kwa sauti kwamba ndege anatolewa tunduni, na kila aliye ndani anaitikia. Hata aliyeko bafuni. Wageni na watoto wa jirani ndio hufungua mlango bila kujua, kwa hiyo ufungwe kwa komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Mwenye baraza anaweza kuizungushia wavu na kuitia mlango wa pili, umbali wa hatua mbili kutoka mlango wa nyumba, ili mtu afunge wa nyuma yake ndipo afungue wa mbele. Milango yote miwili iwe na springi ya kujifunga. Fundi wa kawaida anaimaliza kazi hiyo.

Nyavu za mbu za nailoni zilizoko madirishani msizihesabu. Kasuku wa kijivu huzitoboa kwa dakika chache, na hao wadogo huanzia kwenye kona palipolegea msumari. Panapohitaji wavu, pawe na wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi. Yale matofali ya vitobo vya hewa juu ya madirisha yasisahauliwe: ndege wa gramu 50 anapita humo bila taabu. Angalieni pia pengo kati ya ukuta na dari, maana akiingia darini mtabomoa. Feni izimwe kabla ya tundu kufunguliwa, ndoo za maji zifunikwe, na jiko lenye mafuta ya moto lisiwe chumba kimoja na ndege anayeruka. Kioo kikubwa kisicho na pazia kibandikwe karatasi mpaka amekijua.

Tundu lenyewe nalo lina udhaifu wake. Vile vimilango vya kupandisha juu kwa reli, vinavyowekewa vikombe vya chakula, kasuku huvipandisha kwa mdomo, na akishagundua mara moja hasahau. Wekeni kulabu ndogo yenye springi kwenye kila kimlango, ya chuma kisichoshika kutu. Waya mpya wa mabati una zinki, ambayo ni sumu kwa ndege anayeutafuna, kwa hiyo waya wa namna hiyo usuguliwe kwa siki na brashi ngumu, usuuzwe na kukaushwa kabla ya kutumika.

Sasa anayetaka kutoka naye nje kabisa. Kumfunga uzi au mnyororo mguuni ni njia ya kumvunja mguu. Akishtuka anaruka kwa nguvu zake zote, uzi unakaza ghafla, na uzito wote unabebwa na mfupa mwembamba wa mguu. Kinachofaa ni mkanda wa kifuani, wengine huuita hanesi, unaopita shingoni na nyuma ya mabawa yote mawili, ili mvuto ugawanyike kwenye kifua na mgongo. Uchaguliwe kwa uzito wa ndege, si kwa macho. Mikanda ikae chini ya manyoya, karibu na ngozi, na ncha ya kidole kimoja ipite kati ya mkanda na kifua kwa kubana kidogo. Kisha subirini dakika kumi. Ndege atajikung’uta, manyoya yatalala, na mkanda mliodhani umekaza utakuta umelegea. Hapo ndipo pa kukaza mara ya mwisho. Wengi huruka hatua hii, na mkanda unavuka kichwa wakiwa tayari barabarani.

Kamba ianze na urefu wa mita moja hivi, yenye kipande kinachovutika. Ikiwa ndefu sana ndege anapata nafasi ya kushika kasi kabla haijamzuia, na mshtuko wake ni mkubwa. Ncha ya pili ifungwe kwenye mkanda wa kiunoni mwa mtu. Ikishikwa mkononi huachiwa siku hiyo hiyo inayohitajika. Mishono ikaguliwe kila kabla ya kutoka, kwa sababu kasuku anakata uzi mmoja mmoja kimyakimya huku mkidhani anajisafisha.

Kumzoesha kunataka siku nyingi, na haraka huharibu. Mkanda unaning’inizwa kwanza karibu na tundu mpaka aache kuuogopa. Kisha anapewa tuzo kila anapougusa, kisha anapopitisha kichwa mwenyewe kufuata chakula, na mabawa huja mwisho. Avae ndani ya nyumba kwa siku kadhaa kabla hajatoka nao nje. Asiyetaka kazi hiyo anunue tundu dogo la safari lenye kufuli. Kasuku ndani ya tundu dogo kivulini anapunga upepo vizuri tu. Kutembea naye begani mpaka dukani kwa sababu “amezoea” ni kubahatisha.

Kwa tuzo, huku kwetu hatuna shida: kipande cha korosho iliyobanguliwa na kukaangwa, bila chumvi, ukubwa wa punje ya mchele. Korosho yenye ganda hapana, mafuta ya ganda huunguza. Tuzo hiyo asiipate tunduni, aipate kwa kuja anapoitwa. Anzeni na hatua moja ya mguu wake kutoka kijiti hadi mkononi, kabla ya mlo wa jioni, kwa filimbi au neno lile lile kila siku. Ongezeni umbali pole pole. Anapoweza kuvuka chumba, mwiteni kutoka juu ya kabati, kisha kutoka juu ya pelmeti, ule ubao unaofunika fimbo ya pazia, ili ajifunze kuteremka. Zoezi hilo moja la kuteremka lina thamani kuliko mkasi. Msimnyime chakula ili aje. Mpimeni kwa mizani ya gramu, na akianza kupungua zoezi lisimame.

Ikiwa ameshatoka, mtu mmoja asimtoe machoni na mwingine alete tundu lake. Liwekwe mahali pa wazi anapoweza kuliona, mlango wazi, chakula anachokipenda juu yake, na kama ana mwenzake, huyo awekwe nje kwenye tundu lililofungwa aite. Aitwe na mtu aliyemzoea, kwa sauti ya kila siku. Umati uondolewe. Watoto wenye manati waondolewe kwanza. Anayepanda mti kwa papara, au anayerusha fimbo, anamhamisha tu kwenda mti wa mbali zaidi. Jua likikaribia kuzama, kasuku hutafuta pa kulala, na giza likiingia kwa kawaida hahami. Kariri tawi lenyewe. Rudini kabla ya alfajiri, gizani bado, mkae chini ya mti huo, kwa sababu mwanga wa kwanza ukitoka ataanza kuita na njaa imeshamkamata. Saa hiyo ya kwanza ya mwanga ndiyo yenye matumaini kuliko mchana mzima uliotangulia.

Kuna wanaoogopa kutangaza kwa sababu hawana kibali. Kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na kumiliki ndege wa porini kunaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mambo ya vibali waulizwe TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, mapema, kabla hajapotea. Na makinda ya kasuku kichwa-kahawia, ambao ni wenyeji wa pwani yetu, yaachwe kwenye mashimo ya miti yao. Upande wa pili, ndege wa mbali akiachiwa huleta matatizo yake: huko Naivasha, Kenya, aina mbili za kasuku wadogo wenye asili ya Tanzania walioachiwa wamechanganyika hadi kuzaa machotara.

Mwisho, Mhariri, kuhusu matangazo yanayoletwa gazetini, misikitini na kwa vijana wa bodaboda. Kila mwenye kasuku awe na picha yake ya karibu, pande zote mbili, na namba ya pete ya mguuni kama anayo. Tangazo litaje aina, rangi, mtaa na saa aliyotoka. Alama moja isitajwe, iwe kucha iliyokatika au tarakimu mbili za mwisho za pete, ili anayekuja kusema amempata, na anayekuja kusema ni wake, wote waulizwe hiyo.

Wafugaji wa ndege,
Mtwara Mikindani