Mhariri, galaksi za chini upeoni zinapigika vizuri tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu ya kupiga picha anga la usiku. Mwandishi kaeleza vizuri sana habari za Mwezi na sayari, halafu mwishoni kabisa akatupia sentensi moja tu kwamba galaksi ikiwa chini ya nyuzi 30 kutoka upeoni usipoteze muda wako nayo. Hapo ndo kawakatisha watu tamaa bure, nikaona nisinyamaze.

Hiyo sheria ya nyuzi 30 sio ya uongo, ila ni ya watu wa sayari. Anayepiga Mshtarii au Zohali anatafuta vitu vidogo vidogo, mikanda ya mawingu, lile pengo kwenye pete, na hewa ikitetemeka kidogo tu kazi yake imeharibika. Sasa mtu mwenye kamera ya kawaida na lenzi ya mm 135 anayetafuta galaksi hafifu hana shida hiyo, kwake nyota ikivimba kidogo wala hataiona, yeye anachotaka ni mwanga umfikie. Na mwanga unaopotea njiani unaweza kuulipia kwa muda.

Halafu kuna watu hiyo sheria inawafungia mlango maisha yao yote. Hesabu yake ni nyepesi, chukua 90 utoe tofauti iliyopo kati ya latitudo yako na deklinesheni ya galaksi (ndo kama latitudo yake huko angani), unapata mwisho wa kupanda kwake. Galaksi za M81 na M82 (hizi M na NGC ni namba za orodha za vitu vya angani) zipo kama nyuzi 69 kaskazini, kwa hiyo mtu aliyepo kwenye ikweta hawezi kuziona zikivuka nyuzi 21. NGC 253 ipo nyuzi 25 kusini, mtu wa latitudo 50 kaskazini anaipata kwa nyuzi 15 basi. Mnamwambia asubiri ipande, ipande iende wapi?

Tuje kwenye hewa yenyewe maana ndo adui. Ukitazama utosini, juu kabisa ya kichwa chako, unapenya unene mmoja wa hewa, kwenye nyuzi 30 unakuwa mara 2, kwenye nyuzi 15 unakaribia mara 4, kwenye nyuzi 10 unazidi mara 5 na nusu, na pale upeoni kabisa inakaribia mara 40. Usiku wenye hewa nzuri ya kawaida kila unene mmoja unakula kama robo ya magnitudo (kipimo cha mng'ao, namba ikiwa ndogo ndo kitu king'avu zaidi). Ukipiga hesabu utakuta galaksi ya nyuzi 15 inakuletea karibu nusu ya mwanga ambao ungeupata ingekuwa utosini. Nusu! Sio kwamba hakuna kitu, ni nusu. Ila hapa watu wengi wanakosea wakidhani nusu ya mwanga inalipwa kwa muda mara mbili, hapana, kama mng'ao wa anga lenyewe ndo unaoleta chenga (vile vidotividoti) kwenye picha basi inabidi muda mara nne ndo ubora uwe uleule. Kazi ya saa moja juu inakuwa ya saa nne chini, na kama upande ule kuna mwanga wa mji inazidi hapo.

Saa nne hizo huzipati usiku mmoja, kwa sababu galaksi ya chini inakaa kwenye kilele chake kwa muda mfupi kabla haijaanza kushuka. Ndo maana unachukua yale masaa mawili hivi inapovuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, hapo ndo inakuwa kileleni), unafunga, kesho unarudi palepale na mpangilio uleule, na programu ya Siril au DeepSkyStacker (zote za bure) inazipanga picha zote moja juu ya nyingine. Stellarium nayo ya bure, itakuambia dakika gani inavuka. Mi naona hii ndo siri kubwa kuliko lenzi yoyote ile, na bahati mbaya ndo kitu ambacho muuza kamera hawezi kukuuzia.

Kuchagua galaksi nako kunahitaji akili. Watu wanaangalia magnitudo tu. M101 imeandikwa 7.9 na M82 imeandikwa 8.4, mtu anasema aah M101 ndo ang'avu, anaielekezea kamera usiku kucha anapata moshi. Ile M101 mwanga wake umetandazwa eneo linalokaribia ukubwa wa Mwezi mpevu, kila kipande chake ni hafifu kuliko anga la nyuma yake, wakati M82 ni ndogo, imebanana, inatoboa hata kwenye ukungu kidogo. Kwa chini upeoni nenda na zilizobanana kama M82, NGC 253, Centaurus A. M101 muachie mtu ambaye inampandia juu.

Kuna kitu kimoja ambacho huku chini kinashangaza watu, rangi. Hewa inapinda mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo kila nyota inajivuta ikawa kama kaupinde kadogo, bluu juu nyekundu chini. Kwenye nyuzi 15 mvutano huo kati ya bluu na nyekundu unafika kama sekunde 5 za tao (sekunde moja ya tao ni nyuzi moja ukiigawa mara 3600). Kwa ile lenzi ya mm 135 na kamera yenye pikseli za maikroni 4, pikseli moja inabeba sekunde 6 hivi za tao, yaani tatizo lote linaishia ndani ya pikseli moja, huoni kitu. Weka darubini ya mm 1000 kwenye kamera hiyohiyo, ni pikseli 6, nyota zote zina kofia ya bluu. Dawa ipo lakini: unaitenganisha picha iwe nyekundu, kijani na bluu, unazilinganisha kila moja peke yake kwa kutumia nyota, halafu unazirudisha pamoja. Siril inafanya hiyo. Ila ujue tu bluu ndo inayoliwa zaidi na hewa, ile mikono ya bluu ya galaksi itatoka imefifia na usiilazimishe kwenye kompyuta mpaka picha ikawa kama bango la sinema.

Mng'ao wa upeoni ndo unaotoa machozi. Picha inakuwa na weupe chini unaopungua kwenda juu, na kadiri galaksi inavyosogea weupe huo nao unabadilika sura, kwa hiyo ukingoja mpaka umeshaunganisha picha zote ndo uuondoe, unakuwa unapambana na mchanganyiko usio na kichwa wala miguu. Uondoe kwenye kila picha kabla ya kuunganisha, kwa mteremko ulionyooka tu usiwe wa kona nyingi, maana ukizidisha unafuta na galaksi yenyewe. Na picha za kusawazisha lenzi (za kitu cheupe chenye mwanga sawasawa, za kuondoa giza la kona na vumbi) zipige usiku uleule, usiguse fokasi.

Kwa walio karibu na ikweta ile nyota ya kaskazini wanayoelekezea traka (kile chombo kinachozungusha kamera ifuate nyota) imelala upeoni kwenye vumbi, mara nyingi haionekani, basi unatumia njia ya kuangalia nyota inahamia wapi ukarekebisha mdogomdogo. Inachosha. Lakini kwa lenzi fupi na shata ya sekunde 30 au 60 hata ukiwa umekosea kidogo nyota zinatoka duara.

Na kwa wale wanaosema bila vyombo vikubwa hakuna kitu, Isaac Roberts wa Uingereza hakuwa mwanaastronomia wa kuajiriwa, alikuwa mhandisi na mfanyabiashara, na mwaka 1888 kwa darubini yake ya inchi 20 alitoa picha ya galaksi ya Andromeda iliyoonyesha umbo lake la mikono inayojizungusha, kwa kuliacha bamba la kioo la kupigia picha likusanye mwanga muda mrefu. Sawa, inchi 20 sio kitu kidogo, ila kamera za leo zinakamata mwanga mara nyingi zaidi ya bamba lile.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Ile picha kubwa ya galaksi mliyoiweka juu ya makala haina maelezo yoyote, na msomaji akitoka na kamera yake akarudi na kidoa cha kijivu atajua kamera yake mbovu. Muwe mnaandika chini ya picha imepigwa na chombo gani, galaksi ilikuwa nyuzi ngapi juu ya upeo na mwanga umekusanywa masaa mangapi. Mistari miwili inatosha.

Msomaji wenu.