Tupimwe virusi kabla ya kuanza dawa za baridi yabisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wagonjwa wenzangu wa baridi yabisi, pamoja na madaktari wanaotuandikia dawa.

Dawa hizi, kuanzia methotrekseti na prednisoloni hadi sindano za kibayolojia (zinazolenga sehemu maalumu ya kinga), zimetuokoa. Mtu aliyekuwa akiamka vidole vimekakamaa hata kifungo cha shati hakifungiki, leo anakwenda kazini. Sitaki kumtisha yeyote aziache. Lakini zinatibu kwa kuipunguza nguvu kinga ya mwili, na kinga hiyohiyo ndiyo inayovibana virusi vinavyoweza kuleta saratani. Kliniki jambo hili hupitiwa juu juu, likitajwa.

Chukua homa ya ini aina ya B. Mtu huweza kuipata utotoni, akapona na kusahau kabisa. Hata hivyo vinasaba vya kirusi hubaki ndani ya seli za ini, kinga ikivizuia visizaliane. Akipewa rituksimabu, dawa inayoua seli B, yaani seli za kinga zinazozaa kingamwili za kupambana na vijidudu, kirusi huweza kuamka na kulishambulia ini kwa ukali. Wapo waliopoteza maisha kwa hilo, hata kabla ya kufika kwenye saratani. Kirusi kikiendelea kulidhuru ini kwa miaka, makovu huongezeka, na saratani huweza kufuata. Kipimo kinachozoeleka, cha antijeni (protini) iliyo kwenye uso wa kirusi, kwa mtu wa namna hii huweza kutoa jibu hasi. Lazima kiende pamoja na kipimo cha kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Damu inayochukuliwa mara moja inatosha kwa vyote viwili. Anayekutwa na dalili za kirusi hanyimwi matibabu: hupewa dawa ya kukizuia au hufuatiliwa kwa karibu.

Kwa wanawake, ambao ndio wengi katika ugonjwa huu, kuna virusi vya papiloma, chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mimi kabla ya kuanza sindano nilipigwa eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu, na nashukuru. Hakuna aliyeniuliza ni lini nilichunguzwa mlango wa kizazi. Niliuliza mwenyewe, nikaambiwa hiyo ni kazi ya kliniki nyingine. Kwa nini iwe ya wengine, ilhali dawa inayonishusha kinga imeandikwa hapo? Chanjo ya papiloma haina kirusi hai, kwa hiyo hata anayetumia dawa hizi anaweza kuchanjwa, ingawa mwili huipokea vizuri zaidi kabla kinga haijashushwa.

Kirusi cha Epstein-Barr hakikwepeki. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wanacho. Kwa wachache wanaotumia methotrekseti, seli zilizobeba kirusi hicho huanza kuongezeka ovyo na kuwa limfoma, saratani ya tezi za limfu. Baadhi yao, dawa ikisimamishwa na daktari, uvimbe hunywea wenyewe. Ndiyo maana tezi iliyovimba shingoni au kwapani isiyouma wala kupungua, jasho jingi la usiku, na kukonda bila sababu havipaswi kubebeshwa baridi yabisi hivi hivi. Aonyeshwe daktari, aguse kwa mkono wake.

Anayefikiri suluhisho ni kutupa vidonge, ajue kwamba baridi yabisi yenyewe, hasa viungo vikiwaka miaka bila kudhibitiwa, huongeza hatari ya limfoma. Kuacha dawa kienyeji kunamrudishia maumivu na hatari hiyo bado anayo.

Ninachoomba kwa kliniki za viungo ni kwamba fomu ya kuanza dawa hizi iwe na nafasi ya kujaza vipimo vyote viwili vya homa ya ini B, tarehe ya uchunguzi wa mlango wa kizazi na chanjo alizopata mgonjwa, na ijazwe kabla ya dozi ya kwanza.

Msomaji wako,
mgonjwa wa baridi yabisi